Mrejesho: kitufe cha kuwashia monita kimepona

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kuhusu monita yangu: kitufe cha kuwashia kilikuwa kimezama, ukibonyeza hakirudi wala taa haiwaki. Asanteni sana, imewaka!

Nilichomoa waya wa umeme nikaiacha usiku kucha kama mlivyosisitiza, maana kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) za pawa saplai hubaki na chaji. Kufungua fremu ndiko kulikonitoa jasho, vile vishikizo vya plastiki vinalia kama vinavunjika. Nilitumia kadi ngumu ya plastiki, bisibisi ingekwangua.

Kibao cha vitufe ni chembamba, upana wa kidole tu, kimeungwa kwa waya bapa. Plastiki ya nje ilikuwa imelegea, lakini mgonjwa hasa ni swichi yenyewe, ile ndogo ya miguu minne, milimita 6 kwa 6. Multimita (kipima umeme, hulia ncha zake mbili zikigusa sehemu zilizoungana) haikulia hata nilipoibonyeza swichi kwa kucha. Mtakaopima, wekeni ncha kwa mshazari: miguu minne hiyo ni jozi mbili zilizokwisha kuungana ndani, ukigusa jozi moja italia tu hata kama swichi imekufa.

Nimelehemu mpya. Sasa nikibonyeza nasikia "tik" safi kabisa, na kitufe kinarudi chenyewe.