Kustaafu kutoka Uingereza: Mombasa, Mauritius au kubaki Leicester?

Nyali_Bado: Assalaam alaikum wakuu. Mwakani nafikia umri wa pensheni ya serikali hapa Uingereza, na miaka 35 ya michango ya Bima ya Taifa nimetimiza, kwa hiyo natarajia pensheni nzima. Nyumba ya Nyali iko tayari. Jamaa mmoja msikitini kaniambia ukihamia Kenya pensheni "inaganda". Hata mwenye pasipoti ya Uingereza? Tunapima Mombasa, Mauritius (shemeji yangu kaolewa huko), au kubaki Leicester na kukimbia baridi tu. Mke wangu ana miaka 58.

KarafuuKavu: Waalaikum salaam. Ni kweli, na pasipoti haisaidii kitu. Wanaangalia unaishi wapi. Mombasa utalipwa, ila kwa kiwango kile kile ulichohama nacho. Aliyehamia Kenya 2016 na pensheni nzima ya mfumo mpya, ule wa kuanzia Aprili 2016, alianza na paundi 155.65 kwa wiki. Mwaka wa fedha 2025/26 mwenzake wa Leicester alikuwa anapata 230.25; yeye bado 155.65. Karibu paundi 75 kila wiki! Tanzania, Oman, Kanada, Australia, ni yale yale.

MamaChumbe: Mauritius inapanda kila Aprili kama Uingereza kwa sababu kuna mkataba. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya pia. Usitafute mantiki. Wastaafu waliishtaki serikali ya Uingereza, kesi ya Annette Carson, mstaafu aliyekuwa Afrika Kusini, ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, wakashindwa 2010. Lakini kibali cha kuishi Mauritius hupewi kwa kuwa una shemeji.

Hesabu_Kali: Mnabishana kuhusu pensheni ya mzee, mama mmemsahau. Mungu apishe mbali, mzee akitangulia mama akiwa bado hajafikia umri wa pensheni, kuna malipo ya kufiwa: paundi 2,500 kwa mkupuo, kisha 100 kila mwezi kwa miezi 18. Mwenye watoto wanaolipiwa posho ya watoto hupata 3,500 na 350. Sharti mojawapo ni kwamba siku ya kifo awe anaishi Uingereza au nchi inayolipa mafao hayo, na Kenya haimo. Na aombe ndani ya miezi mitatu, akichelewa anapoteza baadhi ya miezi.

Akishafikia umri wa pensheni, hayo hayapo tena. Na kwa mfumo mpya asidhani atarithi pensheni yako. Kama mlioana kabla ya Aprili 2016 na una ile nyongeza iliyolindwa (kiasi cha juu ya pensheni nzima ulichokuwa umejijengea kwenye mfumo wa zamani), atapata nusu ya hiyo nyongeza, basi. Kwa hiyo mimi ningeanza na michango yake mwenyewe. Chini ya miaka 10 hapati kitu.

Nyali_Bado: Ana kama minane hivi, aliacha kazi tulipopata watoto. Na tukienda Mombasa kisha turudi?

Hesabu_Kali: Minane! Basi hiyo ndiyo kazi ya wiki hii. Na kama alikuwa analipwa posho ya watoto, miaka ya kulea huenda ikahesabiwa, aangalie rekodi yake.

KarafuuKavu: Mkirudi kuishi, unapandishwa hadi kiwango cha wakati huo, ila malimbikizo hulipwi. Ukija kutembea tu, unapandishwa kwa muda wa ziara, na ni lazima uwaarifu. Ile fomu ya kuthibitisha uko hai nayo usiiache ikalala posta: wiki 16 zikipita bila kuirudisha, malipo yanasimama.

MamaChumbe: Na shemeji aulizwe kodi ya nyumba Port Louis ni kiasi gani, kabla hamjauza ya Nyali.