Mama ana kisukari: kliniki kila mwezi au kila miezi mitatu?

Mwana_Kibaigwa
Habari za jioni wanajamvi. Mama ana miaka 63, kisukari aina ya pili, huu mwaka wa nne. Anameza metformini 500 mg asubuhi na jioni, na glibenklamidi 5 mg asubuhi. Kadi inamtaka kila mwezi, na Kibaigwa hadi Dodoma mjini kwenda na kurudi siku inaisha. Akifika anatobolewa kidole, anaandikiwa dawa zilezile, basi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inacheza 6 hadi 8 (mmol/L). Akienda kila miezi mitatu kuna ubaya?

Nesi wa Zamu
Mkuu, tenganisha kufuata dawa na kuonwa na daktari. Kwa dawa, omba aandikiwe za muda mrefu au azichukulie kituo cha afya cha karibu. Kuonwa kunategemea hali yake. Aliyeanza dawa juzi, aliyebadilishiwa dozi au aliyeanzishiwa insulini arudi ndani ya wiki moja hadi nne, mpaka sukari itulie. Mjamzito kila wiki moja au mbili. Aliyetulia, miezi mitatu inatosha, ila mkubaliane na daktari na tarehe ibadilishwe kwenye kadi, msijipangie.

Mitatu ina sababu. Kuna kipimo cha HbA1c, kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi kama siku 120. Kwa hiyo kinatoa picha ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kukipima kila mwezi ni kuchoma hela. Lengo kwa wengi ni chini ya 7%, wazee wenye maradhi mengine huruhusiwa hadi 8. Akifikia lengo, mara mbili kwa mwaka. Hajafikia, kila miezi mitatu. Hakihitaji kufunga kula. Mwenye upungufu wa damu au selimundu aseme mapema, majibu yanaweza kupotosha.

Hiyo 6 hadi 8 si mbaya, ila ya asubuhi peke yake huficha mengi. Wagonjwa siku tatu kabla ya kliniki wanaacha soda na kupunguza ugali, mashine inasoma 6, HbA1c inatoka 9.

Uwele na Mlenda
Mimi kinachonitia shaka ni hiyo glibenklamidi. Orodha ya dawa muhimu ya WHO inasema haifai kwa waliovuka miaka 60, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu na inashusha sukari kupita kiasi, hasa figo zikichoka. Asiiache mwenyewe, muulizeni daktari kuhusu gliklazidi, dawa ya kundi hilohilo.

Na angalieni asubuhi ya kliniki. Mtu anaamka saa 10 usiku, anameza vidonge, hali kitu kwa kuwa ataambiwa apime kabla ya kula, kisha anapanda basi. Kufika saa 3 anatetemeka na jasho linamtoka. Siku hiyo vidonge viende mfukoni, avimeze na chakula baada ya kutoa damu. Maji anywe tu. Abebe sukari: ikishuka chini ya 4, vijiko vitatu vya chai kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, halafu ale.

Nesi wa Zamu
Kweli kabisa. Na kliniki inayoishia kwenye kidole haijamaliza kazi. Presha kila akienda. Mara moja kwa mwaka: kreatinini na albumini kwenye mkojo (vya kuangalia figo), mafuta ya damu, macho na miguu. Macho yawekwe dawa ya kutanua mboni. Ataona ukungu kwa saa kadhaa, asirudi peke yake. Miguu yenye ganzi ikaguliwe kila miezi 6 hadi 12, na aliyewahi kupata kidonda kila mwezi mmoja hadi mitatu. Kiangazi chetu hiki cha upepo kinapasua visigino, apake mafuta ila si katikati ya vidole.

Mwana_Kibaigwa
Asanteni sana. Nyumbani apime mara ngapi?

Uwele na Mlenda
Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa anayemeza vidonge: kabla ya kula, na saa mbili baada ya mlo mkubwa. Lengo 4 hadi 7, na chini ya 10 baada ya kula. Andikeni kwenye daftari pamoja na alichokula. Anawe kwa sabuni na kukausha. Aliyetoka kuchambua zabibu kidole chake kitasoma juu hata kama damu iko sawa. Kopo la stripu (vijiti vya kupimia) lifungwe papo hapo.

Kidonda mguuni, kutapika huku sukari imepanda, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa: hospitali siku hiyohiyo, tarehe ya kadi wekeni pembeni.