Hawa wanaotoboa boriti ni nyuki wa asali?

Mama Pili, Shinyalu:
Jamani, kuna nyuki weusi wakubwa wanatoboa boriti ya jiko langu. Tundu la mviringo kabisa, na unga wa mbao unaniangukia kwenye sufuria ya ugali! Shemeji anasema niweke mzinga, nitarina asali. Kweli?

Mfugaji wa Molo:
Shemeji amekudanganya, mama. Huyo hana mzinga wala malkia. Jike hujichimbia tundu, huweka donge la chavua, hutaga yai juu yake, kisha huziba kwa unga wa mbao. Utarina nini hapo? Wa asali huishi kwa maelfu na hujenga masega ya nta. Akikuchoma, mwiba wake una vimeno kama ndoana, hubaki ngozini naye hufa. Jike la huyo wako hurudia.

Kijana wa Kakamega:
Na mkiona nyuki wengine, wadogo kama nzi, ukutani, msiwamwagie maji moto! Hawachomi. Asali yao, yenye uchachu kidogo, hukaa katika vijungu vya nta na utomvu. Nyanya alitulambisha tukikohoa.

Mama Pili:
Asanteni. Boriti naipaka rangi kesho, wasiitoboe tena. Shemeji nitamsomea haya, abishe tena.