Tupeane uzoefu: Ulikuwa wapi mechi ya besiboli ilipogoma kuisha?

Dereva wa Bissonnet
Wakuu, salaam. Najua humu wengi ni watu wa Simba, Yanga, Gor na Arsenal. Ila najua pia wapo ambao maisha yaliwatupa Marekani, wakajikuta wameupenda huu mchezo wa gongo. Leo nataka tusimuliane zile mechi za pointi nyingi, zile ambazo ukienda chooni ukirudi unakuta ubao umebadilika. Naanza mimi.

Jumapili, 29 Oktoba 2017, Houston. World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, mechi ya tano, Astros wa Houston na Dodgers wa Los Angeles wako 2-2. Mimi nilikuwa nabeba abiria wa kuitwa kwa simu. Gari langu la kwanza lilikufa kwenye mafuriko ya kimbunga Harvey mwezi Agosti, hili la pili lilikuwa la mkopo, kwa hiyo habari ya tiketi wala sikuiwaza. Uwanja wangu ulikuwa redio. Mpaka leo ile mechi naikumbuka kwa abiria niliowabeba.

Wa kwanza, mzee niliyemchukua hospitalini. Dodgers washapata tatu kabla Astros hawajagusa gongo, na anayerusha kwa upande wao ni Clayton Kershaw. Kershaw wa enzi zile ukimpa tatu za mapema, watu walikuwa wanazima televisheni wanalala. Mzee akaniambia zima redio. Nikapunguza sauti, kuzima sikuzima.

Wa pili, vijana wawili wenye jezi za chungwa wanahama baa, eti ile waliyokuwemo ina nuksi. Ni 4-0. Tumesimama kwenye taa za Westheimer, Correa wa Astros akapiga, pointi moja ikaingia. Kabla taa haijawaka kijani, Gurriel akautoa mpira nje na wenzake wawili wako vituoni. 4-4! Mmoja akasema geuza gari turudi kule kule. Mwenzake akang'aka: nuksi imeondoka kwa sababu sisi tumeondoka! Walibishana mpaka nikawashusha njiani, si baa hii wala ile.

Bellinger wa Dodgers alipoutoa mpira nje wakaingia watu watatu, 7-4, nilikuwa peke yangu. Uwanja una watu zaidi ya elfu arobaini, na redioni unamsikia muuza bia.

Halafu akaingia mama wa Kivietnamu anatoka kazini mgahawani. Kiingereza chake kidogo, changu cha kuungaunga. Kershaw akatoa vituo viwili vya bure (mipira yake imekwenda pembeni, wapigaji wanatembea tu), kocha akamtoa, akaingia Maeda. Altuve akautandika, 7-7. Yule mama alinipiga begani kwa ngumi. "Altuve!" Nami nikajibu, "Altuve!" Safari nzima hatukuongea neno jingine.

Awamu ya saba kati ya tisa ndiyo ilinishinda kuendesha. Springer wa Astros alijirusha kudaka mpira akaukosa, Dodgers wakapata la nane. Mtu umekosea mbele ya nchi nzima, halafu zamu ya kupiga ikifika wewe ndiye wa kwanza. Mpira wa kwanza tu aliorushiwa, kautoa nje. 8-8. Wakafuatana Bregman, Altuve, Correa, ikawa 11-8 kwa mipira michache mno. Nikaingia kituo cha mafuta nikazima injini. Nikakuta madereva wengine watatu wamefanya vile vile: Mnigeria, Mueritrea na Mmeksiko mmoja, milango wazi, redio zote nne kituo kimoja.

Ilipofika 12-9 Mnigeria akasema imekwisha, akaondoka na abiria wake. Awamu ya tisa Puig wa Dodgers akautoa mpira nje wakaingia watu wawili, mkono mmoja umeshaachia gongo, 12-11. Auti mbili tayari, yaani wapigaji wawili washatolewa, bado mmoja tu mechi iishe, Taylor akasawazisha. Mueritrea akakaa chini kwenye lami, hakusema kitu.

Awamu ya kumi, auti mbili, McCann kagongwa na mpira, Springer kapewa kituo cha bure, Bregman akapiga, Derek Fisher akakimbia kama kaiba kuku. 13-12. Saa sita na dakika thelathini na nane usiku. Masaa matano na dakika kumi na saba, homrani saba, yaani mipira saba iliyotolewa nje ya uwanja. Mnigeria alirudi dakika kumi baadaye anauliza mbona tunapiga kelele, si tulishashinda?

Haya, wengine mlikuwa wapi?

Konda Mstaafu
Mkuu umenitonesha kidonda. Mimi nilikuwa Mbagala. Kwetu ilianza saa tisa na robo usiku wa kuamkia Jumatatu, maana Houston ilikuwa nyuma yetu kwa masaa nane. Nikasema naangalia awamu mbili nilale. Jua likanikuta.

Nikapanda daladala ya Kariakoo na simu mkononi, 12-9, bando likakata. Nikajisemea basi, hizi tatu zinatosha, nikasinzia kwa amani. Nafika dukani, nakuta jamaa yangu wa Houston kanitumia ujumbe mmoja: "12-12 NAKUFA". Ule ulikuwa wa nusu saa nyuma! Nilinunua vocha kwa mangi kwa bei ya kuruka, naipigapiga simu wateja wananiangalia. Bosi akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia bado hatujajua.

Jangwani Damu
Wakuu samahani. 13-12 hiyo ni mechi au matokeo ya mtihani? Mimi Novemba 2023 tulimpiga mnyama 5-1 na kila bao nalikumbuka mpaka leo. Mkifunga ishirini na tano mnasherehekea lipi?

Konda Mstaafu
Na ile 5-0 ya Mei 2012 unaikumbuka pia au hiyo umeisahau? 😂

Jangwani Damu
Tusitoke nje ya mada.

Binti Makadara
Hamjambo nyote. Kaka wa 5-1, swali lako nami niliwahi kuliuliza, tena uwanjani. Mie naishi London. Juni 2019 Yankees na Red Sox waliletwa kucheza kwenye uwanja wa West Ham. Ilikuwa mara ya kwanza ligi ile kubwa kuja kucheza mechi zake Ulaya. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa New York, akanivuta twende. Jua la siku ile jamani, utadhani Kilindini saa nane mchana. Nikajifunga leso kichwani, nikaketi.

Awamu ya kwanza, Yankees sita. Nikamwambia mwenzangu pole kwa hao wengine, twende tukale. Akanizuia. Red Sox nao wakapata sita! Warushaji wote wawili walioanza walitolewa, hata awamu ya kwanza hawakuimaliza. Saa nzima karibu inakatika na mchezo ndio kwanza umeanza, sita kwa sita, na awamu ni tisa. Nikapiga hesabu kichwani: mara tisa… nikamuuliza, kwani tutalala hapa?

Sasa utamu wake. Waingereza waliokaa nyuma yetu walikuwa hawajui lolote, kama mie. Mwanzo wakishangilia kila mpira unaopaa juu, hata ule wa kudakwa kirahisi. Wamarekani wakicheka. Yankees wakafika 17-6, watu wakaanza kutoka. Red Sox wakaanza kurudisha, na wale Waingereza wakawa wamekwishajifunza! Mpira ukipaa, wanangoja. Wanamtazama mdakaji kwanza: akirudi nyuma mbio wanasimama, akisimama tuli wanaketi. Ndani ya mechi moja. Iliishia 17-13, masaa manne na dakika arubaini na mbili.

Kwa hiyo kaka, mie nilisherehekea lile la kumi na tatu la Red Sox, na timu yangu si hiyo. Usiniulize kwa nini.

Mtoto wa Himbi
Bandugu, miye niko Denver, nimetokea Goma. Hapa mpira unapaa sana kwa sababu tuko juu, mita 1,600 hivi, karibu sawa na kwetu. Hewa ni nyepesi, mpira haupati kitu cha kuusimamisha, na ule wa kupinda haupindi vizuri. Ndiyo maana warushaji wanauogopa huu uwanja.

Juni 2023 Angels walikuja wakatupiga 25-1. Awamu ya tatu peke yake walipata kumi na tatu, na tatu za kwanza zilikuwa homrani kwa mipira mitatu iliyofuatana. Mipira mitatu! Awamu ya nne imekwisha tuko 23-0. Nilikuwa na mtoto wangu wa miaka saba. Kila nikimwambia tuende, anasema papa, na sisi tupate moja. Basi tukakaa. Ile moja ilipopatikana, watu waliobaki walipiga kelele kama ni kombe. Mtoto akachukua kofia yake: "Sasa tuende."

Yai Viza
Mnasimulia vizuri lakini mbona hamsemi ukweli? Hiyo Astros ya 2017 ilikuwa inaiba. Kamera inatazama ishara za mdakaji wa wapinzani, mtu yuko jirani na benchi anagonga pipa la taka kumjulisha mpigaji kwamba unakuja mpira wa kupinda. Kershaw alirusha mipira ya kupinda usiku ule na hawakudanganyika. Sasa tunajua sababu. Mkuu Dereva, ngumi ya yule mama ilikuwa ya haramu.

Dereva wa Bissonnet
Nilijua utakuja, na nilikuwa nakusubiri.

Ni kweli. Januari 2020 ligi ilitoa uamuzi: kocha Hinch na meneja mkuu Luhnow walifungiwa mwaka mzima, na siku hiyo hiyo klabu ikawafukuza. Faini dola milioni 5. Wachezaji hawakuguswa kwa sababu walipewa kinga ili waseme. Kombe halikurudishwa.

Mimi siku ile nilikaa kwenye gari nikawaza wale vijana wa nuksi, nikawaza Mueritrea kwenye lami. Najaribu kuisikiliza upya kichwani, nitafute pipa. Ile homrani ya Altuve, kulikuwa na mgongo wa pipa au hakuna? Uwanja ulikuwa na kelele kiasi kwamba sijui kama pipa lingesikika, na hilo halinisaidii kitu. Kama ningekuwa mtu wa Los Angeles ningetapika. Sitetei. Lakini pia siwezi kurudi nyuma nikamwambia yule mama asinipige bega. Dodgers nao walipata kumi na mbili usiku ule, na walizipata bila pipa, kwa hiyo ukiniuliza nani alicheza mechi kubwa zaidi, nitakujibu lakini si kwa sauti, bado naishi Houston.

Yai Viza
Jibu la kiungwana. Nimeondoa "haramu", naweka "makruhu".

Mzee wa Kofia
Mimi nipo Chicago tangu miaka ya tisini. Mwenye nyumba wangu wa kwanza, marehemu sasa, alikuwa Wrigley Field, uwanja wa Cubs, tarehe 17 Mei 1979, Phillies 23, Cubs 22. Upepo unavuma kutoka nyuma ya mpigaji, kila kitu kinatoka nje. Awamu ya kwanza 7-6. Cubs wakaachwa mpaka 21-9, wakarudisha zote hadi 22-22, halafu awamu ya kumi Mike Schmidt akawamaliza kwa homrani moja. Kingman wa Cubs alipiga tatu peke yake na bado wakafungwa. Mzee wangu aliondoka uwanjani kwenye 21-9. Miaka thelathini alikuwa anadai hakuondoka. Mkewe alikuwa anasubiri amalize kusimulia, kisha anasema, "Saa kumi ulikuwa hapa unakata majani."

Jangwani Damu
Sawa, nimeanza kuelewa. Swali la mtu mgeni: kwa nini kocha haegeshi basi? Ana 21-9, si arudi nyuma tu alinde?

Mdaka wa Pili
Hilo nalijibu mimi, nilicheza sekondari Dar. Mkuu, besiboli haina saa ya kuimaliza mechi. Huwezi kupoteza muda, huwezi kuzungusha mpira nyuma. Ukitaka mechi iishe lazima umrushie mtu mpira unaopigika na umtoe, watatu kila awamu, mpaka utimize awamu tisa. Ukiongoza kwa kumi na mbili bado unadaiwa auti zako.

Sisi wa shule ndio tulilijua hilo kwa machozi. Wajapani walikuja na mchezo, wakaleta glavu na magongo, mpaka mashindano ya taifa yakaitwa Koshien kama ya kwao. Lakini mrushaji wa kidato cha pili hana shabaha. Mipira minne ikienda pembeni, mpigaji anatembea bure kwenda kituo. Anatembea wa pili, wa tatu, wa nne, na huyu wa nne anamsukuma wa kwanza nyumbani. Pointi bila hata mtu kupiga! Mechi yetu moja ya mazoezi tulikuwa 21-19, sisi mbele, awamu ya mwisho, jua linazama, glavu tunaachiana uwanjani kwa sababu hazitoshi. Mimi ndiye mdakaji. Kila nikirudisha mpira kwa mrushaji nasikia wenzetu wanahesabu kwa sauti, "Moja! Mbili! Tatu!", ile mibovu. Wanafunzi wa bweni walikuwa wamekuja kututazama na sahani za chakula cha jioni mikononi.

Vituo vyote vimejaa, auti mbili. Jamaa yao mmoja mnene, tulikuwa tunamwita Tanki, akaupiga juu sana. Giza. Wachezaji wetu tisa wote wanatazama juu, wao wote wanne wanakimbia, na mpira hakuna aliyeuona ukishuka. Mwalimu akasema bila mpira hawezi kuamua. Tulitafuta kwenye majani kwa tochi za simu mpaka kengele ya prepu.

Binti Makadara
Subhanallah. Na mpira je, ulipatikana?

Mdaka wa Pili
Jumatatu. Mpishi aliukuta juu ya bati la jiko. Tanki akaanza kudai 23-21 na sisi tukasema mechi ilishafungwa. Tuna kundi la simu la darasa letu mpaka leo, na jana usiku kaandika tena.