Mjadala: Mabonde ya Tanga tuyaache wazi sasa, au tusubiri kuyanunua kama Dar?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Mto Msimbazi wa Dar unatoka vilima vya Pugu na kushuka na mchanga. Mchanga unajaa, kina kinapungua, maji yanahamia sebuleni kwa watu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na waathirika wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa Dar. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 200: fidia, kubomoa, kuchimba mto, daraja jipya la Jangwani, na bonde kugeuzwa bustani ya jiji.

Kazi nzuri, sipingi. Ila ni deni la kununua tena kilichokuwa bure. Sisi wa Tanga tumekuwa jiji tangu 2005 na bado tuna mabonde ya kuokoa. Halmashauri iyawekee bikoni (vigingi vya mipaka) leo, asijenge mtu.

Mkazi wa Makorora:
Rahisi kusema hivyo ukiwa Raskazone kwa wenye nacho. Mimi nilinunua bondeni kwa sababu kiwanja kilichopimwa sikukiweza. Karatasi ina mhuri wa serikali ya mtaa. Habari ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ambayo naambiwa iko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, niliisikia msingi ukiwa umeshasimama. Mbona mwenye mhuri hakuitaja?

Fundi mwashi:
Nyumba za bondeni nimezijenga sana. Kila mwenye nyumba anataka msingi wake uwe juu kwa kozi (safu za matofali) mbili zaidi ya wa jirani. Masika yakija, maji aliyoyakwepa yeye yanaingia kwa jirani, na mwakani jirani ananiita mimi huyo huyo. Kazi napata, lakini ule si ujenzi, ni kusukumiana maji. Na Tanga yetu ya waja leo waondoka leo, maji hayana habari nayo: yakija yanalala.

Mleta mada:
Makorora, umenibana kweli. Narekebisha: kwanza vipimwe viwanja vya bei nafuu kwenye mwinuko, tuseme Pongwe kule pembezoni mwa jiji, wenye karatasi wabadilishiwe kiwanja kwa kiwanja, ndipo bikoni ziwekwe. Bonde wapewe wakulima wa mchicha. Mchicha ukizama, hasara ni ya wiki chache.

Mkazi wa Makorora:
Sawa, ndugu yangu. Sasa mimi nauza samaki Mgandini, alfajiri niwe sokoni. Hiyo nauli ya kutoka Pongwe kila siku umeiweka kwenye fidia?