Dalali kaisugua heller yangu ya Tabora, halafu ananishushia bei!

Wadau salaam. Naandika nikiwa na hasira, asiyetaka maneno makali apite tu.

Nina sarafu ya heller 20, ile chenji ya koloni la Mjerumani Afrika Mashariki, ya mwaka 1916, zile zilizopigwa Tabora. Iko kwetu Bombo tangu baba yake babu aliporudi nayo kutoka vita vya Mjerumani, alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza. Nikampa dalali mmoja wa Kampala aipige picha awaonyeshe wateja wake wa nje. Nikamwambia mbele ya watu: piga picha, usiifanye kitu kingine. Ilikuwa na weusi wake wa zaidi ya miaka mia. Imerudi inang'aa kama kifungo cha askari wa gwaride! Jamaa kaisugua kwa limao na dawa ya kung'arishia shaba. Halafu bila haya ananiambia, "Mzee wangu, sarafu iliyosafishwa haina bei." Mwanzo alitaja laki nne, sasa anataja laki moja na nusu. Kwani imesafishwa na nani?

Kisingizio chake ni kwamba alitaka kujua kama ni shaba nyekundu au ya njano. Swali lenyewe lina maana, sikatai, kwani zilipigwa za aina zote mbili na nyekundu ni chache zaidi. Lakini kwa nini usugue? Nenda kwa sonara mwenye mizani nzuri. Pima sarafu kavu, kisha ipime ikining'inia kwa uzi ndani ya maji, gawanya uzito wa kwanza kwa kile kilichopungua. Nyekundu itakupa karibu 8.9, njano itakaa kama 8.5 au chini yake. Mchezo wa dakika tano, na sarafu haipati hata mkwaruzo. (Uzito mtupu hausaidii hapa, vipande vyenyewe havikulingana unene.)

Na rangi siyo hasara kubwa. Hasara ni chapa.

Mwaka ule Waingereza walikuwa wamefunga bahari, Wajerumani hawana chenji ya kulipia watu, wakaanza kupiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli pale Tabora. Shaba ya njano ilitoka kwenye maganda ya mizinga. Vyuma vya kupigia chapa vilichongwa palepale, na vilikuwa zaidi ya kimoja, kwa hiyo sarafu hazifanani. Upande wa taji utakuta taji kubwa au taji dogo. Geuza upande wa pili, tazama L mbili za neno HELLER: nyingine ncha zake zimechongoka, nyingine zimepinda zote mbili, na nyingine ni L ya pili peke yake iliyopinda. Wakusanyaji wanalinganisha taji na hizo L, na jozi fulani hupatikana kwa shida kuliko nyingine. Anayejua anakulipa kwa jozi, siyo kwa mwaka.

Yangu ilikuwa taji dogo. Hizo ncha za L ni za kutazama kwa lenzi, na ndizo alizozilaza kwa kitambaa chake! Leo ukiniuliza L ya pili imepinda au imechongoka, nitakuonyesha kidoa. Mnunuzi gani atalipia kidoa?

Halafu ni haohao wanaozunguka kwenye makundi ya simu wakidai senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936, yenye jina la Mfalme Edward VIII wa Uingereza, ni ya mamilioni. Jamani! Mfalme hakukaa hata mwaka mmoja, kweli, lakini hizo zenye tundu zilipigwa kwa wingi mno London na Birmingham. Ukiona H au KN chini yake ujue ni alama ya kiwanda tu, haijakutajirisha. Kitu cha kawaida wanakipandisha mpaka mbinguni, na chenye thamani wanakipaka limao.

Sasa dalali, najua unasoma humu. Picha za kabla zipo kwenye simu ya mwanangu, pande zote mbili, na ujumbe wako wa laki nne upo na tarehe yake. Nataka laki mbili na nusu uliyoipunguza kwa mkono wako mwenyewe. Sarafu naondoka nayo, huiuzi tena wewe. Jina lako sijaliandika, na nakupa mpaka Ijumaa baada ya swala.

Mwenye kujua mnunuzi Kampala au Jinja anayetumia lenzi, siyo limao, anitumie ujumbe pembeni.