Tupeane uzoefu: kitu ulichokikuta mtandaoni bila kukitafuta, kikakukaa moyoni

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, habari zenu. Juzi usiku nilishika simu nitafute namna ya kutoa lami iliyoganda kwenye soli ya kiatu. Kiungo kikanipeleka kwenye kingine, nikajikuta naangalia kamera inayorusha moja kwa moja picha ya faneli ya kioo yenye kitu cheusi ndani yake.

Kumbe mwaka 1927, katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwalimu wa fizikia Thomas Parnell alitaka wanafunzi waone kwamba aina moja ya lami, ambayo ukiigonga kwa nyundo inavunjika vipande, kwa kweli ni kimiminika. Akaipasha moto, akaimimina kwenye faneli, akaiacha itulie miaka mitatu, kisha akakata mdomo wa faneli. Tangu hapo hadi 2014 yalikuwa yamedondoka matone 9 tu.

Aliyenigusa zaidi ni John Mainstone. Alianza kuitunza ile faneli mwaka 1961, na hakuwahi kuona tone likidondoka. Mwaka 1988 alitoka dakika chache tu, tone likaanguka. Mwaka 2000 kamera iliwekwa, ikagoma wakati ule ule. Alifariki 2013, na tone la tisa likafuata mwaka uliofuata.

Niliangalia dakika arobaini, hakikutikisika kitu. Kesho yake nilikaa na mwanangu anayejifunza kusoma. Neno moja lilimshinda, akaliendea herufi kwa herufi, akirudi nyuma, kidole kikibonyeza karatasi hadi kucha ikawa nyeupe. Siku zote huwa namtajia. Safari hii nilikaa kimya mpaka akalipata mwenyewe. Na nyie leteni yenu.

#2
Asante kwa uzi huu, mkuu. Mdogo wangu alikatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono, neva ikakatika, akashonwa. Kidole cha mwisho na cha pete vikafa ganzi. Usiku mmoja nikiwa nasoma hili na lile, nikakutana na maelezo kwamba vidole kujikunja kwenye maji si ngozi kulowa tu. Neva ndiyo inayoiamuru mishipa midogo ya damu ijibane, ngozi inavutwa ndani, mikunjo inatokea. Neva ikikatika, kidole kinabaki laini. Madaktari walishaliona hili tangu miaka ya 1930.

Nikateka maji ya vuguvugu kwenye beseni, akazamisha mkono nusu saa. Vidole vitatu vilijikunja kama kawaida. Vile viwili vilitoka laini kabisa, kama havijaguswa na maji. Iliniuma kuliko siku ya ajali yenyewe. Tumekuwa tukirudia kila mwezi. Mwezi uliopita kidole cha mwisho kilitoka na mistari miwili, myembamba mno, tukasogea dirishani tuione vizuri. Hakuna aliyesema neno.

#3
Mimi ni zile picha za mitaa za Google. Kuna sehemu unaweza kurudi kwenye picha za miaka ya nyuma. Nikarudi kwenye nyumba yetu, nikamkuta marehemu baba amekaa kwenye kigoda mlangoni. Uso wameufifisha, lakini ule mguu wa kushoto aliokuwa akiunyoosha kwa sababu ya goti, nani mwingine? Picha inayofuata kigoda kipo peke yake. Huwa naifungua ile ya kwanza, namsalimia, naifunga.

#4
Pole sana #3.
Mkuu #1, hiyo lami imenikumbusha jambo. Mimi ni mwalimu. Kwa miaka nilikuwa nawafundisha watoto kwamba kioo nacho kinatiririka polepole, ushahidi ukiwa vioo vya madirisha ya makanisa ya kale ambavyo ni vinene upande wa chini. Siku moja nikasoma mtandaoni kwamba si kweli. Mafundi wa zamani hawakuweza kupata kioo chenye unene sawa kote, na vipo ambavyo unene wake uko juu. Niliumia, kwa sababu niliipenda sana hadithi ile. Nilirudi darasani nikawaambia nilikosea. Waliokwisha kuhitimu ndio wananinyima raha, kila nikikutana na mmoja namweleza.

#1 (mwanzisha mada)
Mwalimu, heshima kwako. #3, nimeisoma mara mbili, Mungu amrehemu mzee.
#2, kidole cha pete je?

#2
Bado, mkuu. Tunajaribu tena Jumamosi.